Tunakatwa kodi kwenye mita tatu, mtaro umeziba, na manispaa mbili zinatupiana mpira

SWALI: Tunaishi Goba, Dar es Salaam, karibu kabisa na upande wa Mbezi Juu. Nyumba ni ya mama yangu mwenye miaka 63. Ni ya chini, haina ghorofa, ina mita tatu za LUKU (umeme wa kulipia kabla): moja yetu, mbili za wapangaji. Zote tatu zinakatwa kodi ya majengo kila mwezi. Mtaro wa barabara yetu umeziba na kila masika maji yanaingia ndani. Tukienda manispaa ya Ubungo tunaambiwa upande ule ni wa manispaa ya Kinondoni, tukienda Kinondoni tunaambiwa turudi Ubungo. Majirani wanataka tuandike barua ya kuomba kuhamishiwa Kinondoni. Hela tunazokatwa zinaenda wapi, na hiyo barua itasaidia? (Msomaji, Goba)

JIBU: Ndugu msomaji, hiyo barua iwekeni pembeni kwanza. Mna mambo matatu mkononi (makato ya LUKU, mtaro na mpaka), kila moja lina ofisi yake, na mnapigwa danadana kwa sababu yote mnayapeleka dirisha moja. Nianze na LUKU, maana huko kuna hela inayowatoka kila mwezi bila sababu.

Kodi ya majengo ilianza kukatwa kwenye LUKU tarehe 20 Agosti 2021. Wakati huo nyumba ya kawaida ilikatwa 1,000 kwa mwezi. Kuanzia Julai 2023 ikapanda hadi 1,500, yaani 18,000 kwa mwaka, na jengo la ghorofa likawa 7,500 kwa mwezi kwa kila ghorofa, sawa na 90,000 kwa mwaka. Kinachotozwa ni jengo, si mita. Nyumba moja yenye mita tatu inatakiwa ilipe mara moja tu. Ninyi mnalipa 4,500 kwa mwezi, 54,000 kwa mwaka, na kati ya hizo 36,000 si deni lenu kabisa.

Anayeumia zaidi hapo ni mpangaji. Chukua risiti ya umeme wa 10,000 kwa tarifu ya kawaida. Uniti moja ni shilingi 292. Ongeza VAT asilimia 18, tozo ya REA (umeme vijijini) asilimia 3 na ya EWURA (msimamizi wa nishati) asilimia 1, inafika 356.24. Kwa 10,000 unapata uniti 28.07, ile 28.1 ambayo kila mtu mjini anaijua. Mara ya kwanza ya mwezi, kodi ya majengo inatangulia kukatwa: zinabaki 8,500, na unapata uniti 23.86. Sasa mfikirie mpangaji wa chumba kimoja anayenunua umeme wa 2,000 kwa tarifu hiyohiyo. Zikitoka 1,500 anabaki na shilingi 500, yaani uniti 1.4. Huyo hata ukimweleza sheria ya kodi hatakusikiliza, na ana haki.

Jambo lingine linalozua ugomvi ni malimbikizo. Usiponunua umeme mwezi mzima kodi haifutiki, inasubiri. Chumba kikikaa wazi miezi mitatu, mpangaji mpya atakayenunua umeme kwa mara ya kwanza atakuta 4,500 za miezi asiyoishi pale zinamsubiri. Kabla hujamkabidhi mtu ufunguo, ingiza wewe mwenyewe umeme kidogo kwenye ile mita ili deni lijikate.

Namna ya kuondoa makato kwenye mita mbili: nenda ofisi ya TRA (mamlaka ya mapato) inayohudumia eneo lenu, usiende TANESCO (shirika la umeme). TANESCO anakata tu kwa maelekezo, hana uwezo wa kusema jengo lipi lina mita ngapi. Beba kitambulisho cha NIDA cha mama, uthibitisho wa umiliki (hati, leseni ya makazi, au mkataba wa mauziano wenye mhuri wa serikali ya mtaa), risiti moja ya karibuni ya kila mita, na barua ya mtendaji wa mtaa inayosema kwamba mita hizo tatu, kwa namba zake zote, zimefungwa kwenye nyumba moja. Barua nyingi zinakwama hapo kwa sababu imeandikwa tu «anamiliki nyumba katika mtaa wangu», bila namba hata moja ya mita. Namba ziandikwe zote, tarakimu kwa tarakimu, na itajwe ipi ibaki na makato. Ibakizeni ya kwenu. Hadi hapo mambo yatakaponyooka, wapangaji warudishiwe 1,500 zao kwenye kodi ya chumba. Kodi hii ni ya mwenye nyumba, na kuwaachia wao waibebe ni kuwatoza kodi ya mali isiyo yao.

Tena mama ana miaka 63. Mtu wa miaka 60 na kuendelea anasamehewa kodi ya majengo kwa nyumba moja anayoishi. Msamaha haujileti wenyewe kwa sababu mfumo wa LUKU haujui umri wa mtu, lazima uombwe. Kwa kuwa sehemu ya nyumba imepangishwa, lisemeni hilo wazi mnapoomba. Msamaha umekusudiwa makazi ya mzee, na afisa akija kukagua akakuta wapangaji ambao hamkuwataja, ombi zima litatiliwa shaka. Kama vyumba vya wapangaji ni jengo la peke yake uani, omba msamaha kwa nyumba ya mama na mkubali kulipia lile la uani.

(Kwa wanaochanganya: kodi ya pango la ardhi ni nyingine. Hiyo inalipwa kwa ajili ya kiwanja, inakwenda Wizara ya Ardhi, na haimo kwenye LUKU. Kuwa umekatwa LUKU hakukuondolei deni la kiwanja.)

Sasa, zinaenda wapi? Watu wengi wanadhani 1,500 yao inaingia kwenye akaunti ya manispaa na diwani anaiona. Zamani ilikuwa karibu hivyo: halmashauri za Dar es Salaam zilikuwa na madaftari yao ya uthamini, zikitoza kwa thamani ya jengo. Julai 2016 ukusanyaji ulikwenda TRA, baadaye kikaja kiwango kimoja kwa wote, kisha LUKU. Leo fedha inakusanywa kitaifa kwanza, na kinachofika halmashauri kinafika kupitia bajeti ya serikali. Kiwango kimoja kina faida yake, hakuna mthamini wa kubishana naye. Ila kina kituko chake pia: nyumba ya chini ya vyumba viwili Goba na nyumba ya chini yenye bustani na walinzi Masaki zinalipa 18,000 ileile. Kwa maoni yangu hapo ndipo halmashauri zilipopoteza chanzo ambacho mahali pengi duniani ndicho uti wa mgongo wa mji.

Kwa hiyo manispaa yenu inaishi kwa nini? Mapato ya ndani: leseni za biashara, vibali vya ujenzi, ushuru wa masoko na stendi, ada mbalimbali, na ushuru wa huduma, unaotozwa kama asilimia ndogo ya mauzo ya mfanyabiashara. Huu wa mwisho ndio mnono. Halafu kuna ruzuku kutoka Hazina, kubwa zaidi ikiwa mishahara ya walimu na watumishi wa afya. Ruzuku hiyo ina njia maalum ya kupita na haihamishwi ikachimbe mtaro hata baraza zima likinyoosha mikono. Kwenye mapato ya ndani nako asilimia 10 imeshatengwa kisheria kwa mikopo: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Ukitaka kuona picha nzima, vitabu vya bajeti ya taifa vinapanga mikoa na halmashauri kwenye Juzuu la Tatu kwa matumizi ya kawaida na la Nne kwa maendeleo. Mkoa wa Dar es Salaam ni Fungu 88. Lakini kwa mtaro wenu huko ni mbali mno. Mtaro unatafutwa kwenye kasma (kifungu cha matumizi) ya mradi, na kabla ya hapo lazima ujulikane ni wa nani.

Hapo ndipo mnapozungushwa hasa. Barabara za Dar es Salaam zina wenyewe wawili. Barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS (wakala wa barabara wa taifa). Ile ya lami ya Mbezi Mwisho kupita Goba hadi Tangi Bovu ni yao, pamoja na mitaro yake. Barabara za ndani, tangu 1 Julai 2017, ni za TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini), ambayo haiko chini ya mkurugenzi wa manispaa ingawa ofisi zinaweza kuwa jirani. TARURA inategemea Mfuko wa Barabara na tozo ya mafuta, ikiwemo ile shilingi 100 kwa lita iliyoongezwa mwaka 2021. Bodaboda anayepita kwenu na lita zake mbili kwa siku anauchangia mtaro huo moja kwa moja kuliko LUKU yako.

Kwa hiyo swali la kwanza kuuliza si «sisi ni Ubungo au Kinondoni?» Uliza: «Barabara hii imo kwenye daftari la barabara la TARURA, na kama imo, kwa jina gani na kwa wilaya ipi?» Kila wilaya ina meneja wa TARURA. Barabara zilizosajiliwa zimegawanywa kuwa za mkusanyo, za mlisho na za jamii, kila moja na jina lake na urefu wake. Kama yenu imo, basi daftari limeshamaliza ubishi wa nani anaitunza, hata kama mpaka wa manispaa unapita katikati yake. Kama haimo, na kwenye maeneo yaliyojengwa kabla ya kupimwa hili hutokea sana, fedha ya Mfuko wa Barabara haiwezi kuigusa hata meneja akiwahurumia vipi. Kazi yenu ya kwanza basi ni kuiombea usajili kupitia kamati ya mtaa na kata. Wengi wanaandika barua za mtaro miaka na miaka bila kujua kwamba barabara yao haipo kwenye vitabu.

Jambo la pili la kutenganisha ni kilichoziba mtaro. Kama ni taka, mifuko na chupa, hiyo ni kazi ya usafi wa mazingira, na usafi ni wa manispaa kwa kushirikiana na mtaa unaosimamia wazoa taka. Kama ni mchanga uliojaa kalavati, kingo zilizobomoka, au mtaro wa udongo usio na pa kumwagia maji, hiyo ni kazi ya mhandisi wa TARURA. Kuzibua na kujenga ni kasma mbili tofauti. Kuzibua kunaweza kufanyika ndani ya mwaka huuhuu kwa fedha za matengenezo; kujenga kwa mawe au zege kunasubiri bajeti. Ombeni vyote viwili, kwa barua mbili. Mkivichanganya, mhandisi ataisoma kama ombi la ujenzi na kuiweka kwenye jalada la mwaka ujao, na masika itawakuta vilevile.

Barua yenyewe iwe na vipimo. «Tunaomba mtaro wa Goba» haina thamani. Goba ina mitaro mingi. Pimeni kwa kamba au kwa hatua, mwandike hivi: «Mtaro wa barabara fulani, upande wa kushoto ukitokea lami, urefu wa mita 180, umejaa mchanga kuanzia kalavati la pili hadi korongoni; maji yanavuka barabara na kuingia nyumba 14.» Ambatisheni picha tatu: kichwa cha mtaro, mahali palipoziba, na mahali maji yanapomwagikia. Hiyo ya tatu watu huisahau, na ndiyo mhandisi anayoitafuta, kwa sababu mtaro usio na mwisho ni bwawa refu tu. Kama maji yanaishia kwenye kijito, jueni kwamba Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli ndani ya mita 60 za kingo. Jirani aliyejenga ukuta uliokaba mdomo wa mtaro ni tatizo la kisheria ambalo hakuna bajeti ya kulitatua, na ni heri kulisema mapema kuliko mkandarasi aje kulikuta.

Wakati nao una uzito wake. Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai. Vipaumbele vya mitaa vinakusanywa miezi ya mwisho ya mwaka, vinapanda Kamati ya Maendeleo ya Kata inayoongozwa na diwani, vinakwenda kwenye kamati za kudumu, na Baraza la Madiwani linapitisha rasimu mnamo Januari au Februari. Baada ya hapo ni mkoa, TAMISEMI (ofisi ya Rais inayosimamia serikali za mitaa), halafu Bunge kuanzia Aprili. Ukomo wa bajeti ukishatoka na rasimu ikapita, ombi jipya linaingia tu kwa kung'oa jingine. Tabu ni kwamba watu wanakumbuka mtaro Aprili, maji yakiwa magotini, wakati mlango wa bajeti umeshafungwa. Suala la mtaro liingie kwenye mkutano wa mtaa wakati wa vuli, liandikwe kwenye muhtasari kwa maneno yaleyale ya barua, na nakala ya muhtasari yenye sahihi ya mwenyekiti na mtendaji mbaki nayo. Bila muhtasari, diwani hana cha kushika kwenye kamati.

Mipango ya TARURA nayo huletwa mbele ya madiwani, kwa hiyo diwani wa Goba ana pa kuuliza. Vikao vya baraza ni vya wazi. Nendeni mkae, sikilizeni barabara yenu inatajwa au haitajwi. Mkinyimwa orodha ya miradi ya kata, ombeni kwa maandishi chini ya Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, inayotoa siku 30 za kujibiwa. Kwa kazi ndogo kama makalavati mawili, kuna pia Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo. Goba imo jimbo la Kibamba, Mbezi Juu imo Kawe, kwa hiyo msikosee mlango wa mbunge.

Nimalizie na mpaka. Ubishi wenu una historia fupi: hadi 2015 pande zote mbili zilikuwa Manispaa ya Kinondoni. Ubungo ikakatwa kutoka Kinondoni, kama Kigamboni ilivyokatwa kutoka Temeke. Ndiyo maana hati na mikataba ya zamani ya Goba imeandikwa Kinondoni, na karani akiiona anawarudisha huko. Hati hiyo bado ni halali, ila haithibitishi mpo manispaa gani leo. Jina la jimbo nalo halithibitishi: mwaka 2025 Ukonga iligawanywa likazaliwa jimbo la Kivule, na Mbagala likazaliwa Chamazi, bila halmashauri hata moja kuongezeka. Dalili ya haraka ni postikodi kwenye kibao chenu cha anwani ya makazi. Ikianza na 14 ni Kinondoni, ikianza na 16 ni Ubungo. Kibao hata hivyo kilipigiliwa na binadamu. Ushahidi wenyewe ni Tangazo la Serikali lililoanzisha eneo na ramani inayoambatana nalo, ambayo mpima ardhi wa manispaa anayo. Mwombeni awasomee nyumba yenu kwa nukta za GPS, awape jibu kwa maandishi, na nakala aipeleke kwa mwenzake wa manispaa ya pili. Karatasi hiyo moja ndiyo inayomaliza danadana.

Kuhama ni safari nyingine kabisa. Mpaka wa mitaa miwili ndani ya kata moja ni jambo linalotengenezeka. Lakini mpaka wa Ubungo na Kinondoni ni mpaka wa wilaya pia, na kwa ibara ya 2(2) ya Katiba kugawa wilaya ni mamlaka ya Rais. Ombi litaanza mkutano wa mtaa, lipite kata, Baraza la Madiwani la Ubungo na la Kinondoni, Kamati ya Ushauri ya Wilaya kwa kila upande, ya Mkoa, kisha TAMISEMI na Ikulu, halafu Tangazo la Serikali. Ubungo itaulizwa kama iko tayari kuachia leseni na ushuru wa huduma wa maduka yenu. Sijui baraza gani lingeitikia hilo kwa furaha. Kinondoni nayo itaulizwa kama iko tayari kupokea mtaro mbovu. Na hata mkifika, mtapangwa foleni mwisho, kwa sababu orodha ya Kinondoni ilishaandikwa bila ninyi. Kwa sensa ya 2022 Ubungo ilikuwa na watu 1,086,912 na Kinondoni 982,328, kwa hiyo hata hoja kwamba mnakimbia msongamano haina nguvu kubwa.

Wiki hii, basi, andikeni barua moja kwa meneja wa TARURA wa Ubungo mkiuliza kuhusu daftari, nakala kwa mwenzake wa Kinondoni, kwa watendaji wa kata zote mbili na kwa diwani. Ipelekeni kwa mkono, mgongeshe mhuri wa mapokezi wenye tarehe kwenye nakala yenu. Mama naye aende TRA na zile risiti tatu.